Mifano Mitano Si Burhani

Chukua 3, uondoe moja, uzidishe baki kwa nafsi yake, kisha uirudishe ile moja, nawe utapata 5. Ukiendelea na kanuni hiyo utapata 17, na 257, na 65,537, na zote hizi ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi zao. Ya sita katika silsila hii ni 4,294,967,297, na habari yake, kwa itikadi yangu, yastahili kusimuliwa katika kila darasa letu la hesabu.

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, hakimu wa Toulouse katika Ufaransa, ambaye katika ilimu ya adadi wachache mno wa zama zake waliweza kumkaribia, alipoziona hizo tano za mwanzo aliamini kwamba na zifuatazo zote zitakuwa tasa, ingawa alikiri kuwa burhani hakuwa nayo. Dhana hiyo ilidumu zaidi ya miaka tisini, hata mwaka 1732 Leonhard Euler, akiwa St. Petersburg, alipodhihirisha kwamba ile ya sita hugawanyika kwa 641. Wala hapana haja ya kubahatisha, kwani kila kigawanyo tasa cha adadi hiyo, kama Euler alivyokuja kueleza, kikigawanywa kwa 64 sharti kibakize moja. Kwa hiyo ukishazijaribu 193, 257, 449 na 577 zikashindwa, inayofuata ni 641 yenyewe.

Watoto wetu hufundishwa kuhifadhi kanuni na kuzirudia siku ya mtihani, na anayeuliza sababu yake huonekana mkaidi. Wahenga walitwambia tusisafirie nyota ya wenzetu, lakini katika ilimu twawapakia watoto chomboni bila ya kuwaonyesha nyota yoyote. Basi namsihi mwalimu aandike ubaoni 6,700,417, yaani kinachopatikana ile ya sita ikigawanywa kwa 641, awaamuru wanafunzi waizidishe kwa 600, kisha kwa 40, kisha kwa 1, na kujumlisha: mtoto wa darasa la saba, kwa kalamu yake ya risasi, atamsahihisha Fermat kwa nusu ukurasa, naye atajua maisha yake yote kwamba ukweli hauutazami ukubwa wa msemaji.

Tangu siku za Euler hadi leo haijapatikana tasa nyingine katika silsila hii, na nyingi zilizochunguzwa zimeonekana kugawanyika. Hata hivyo wanazuoni hawathubutu kusema kwamba haipo, maana burhani bado haijapatikana. Mifano mitano ilimponza Fermat, nao, wakiwa na mifano mingi kuliko hiyo, wanangoja. Subira hiyo ndiyo ninayoitaka ifundishwe shuleni, pamoja na jedwali la kuzidisha.