Mlima mmoja, majimbo manne: mbunge wa Uluguru anamtetea nani?

Mbunge anaporudi jimboni kutoka Dodoma, mara nyingi hukuta watu wanamsubiri mlangoni. Mmoja ana mtoto aliyefaulu na hana sare za shule. Wengine wamejenga zahanati hadi usawa wa lenta, wanaomba mabati. Vijana wanataka jezi na mpira, na jirani aliyefiwa anatafuta gari la kusafirisha mwili. Morogoro, kama kwingineko Tanzania, hiyo ndiyo kazi ya mbunge ambayo watu huiona kwa macho na kuikumbuka siku ya kura.

Lakini shida kubwa ya watu wanaoishi juu na chini ya Milima ya Uluguru ni maji, na ardhi ambayo maji hayo yanatoka. Shida hiyo haitatuliwi kwa mabati wala jezi. Inahitaji utetezi bungeni, na hapo ndipo mambo yanapokuwa magumu, kwa sababu mlima ni mmoja na wabunge ni wanne.

Katiba inasema nini

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali: kumuuliza waziri swali, kujadili utekelezaji wa kila wizara wakati wa bajeti, kutunga sheria. Hakuna mahali inapomtaka mbunge alipie msiba. Mazoea ndiyo yaliyomfanya awe mfadhili. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vya sheria vilivyoruhusu takrima wakati wa uchaguzi, na Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 ikaweka mipaka zaidi. Hata hivyo, foleni ya mlangoni haikupungua.

Kuna njia halali ya kusaidia, nayo ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo ulioundwa kwa sheria ya 2009. Mbunge ndiye mwenyekiti wa kamati yake. Mgawo kwa kila jimbo unazingatia idadi ya watu, kiwango cha umaskini na ukubwa wa eneo. Kiasi cha maji ambacho jimbo linawapa wengine hakimo katika hesabu hiyo. Kwa majimbo ya Uluguru hilo si jambo dogo.

Kwa upande wa pili, ibara ya 99 inamzuia mbunge wa kawaida kupeleka mwenyewe muswada unaohusu kodi au matumizi ya fedha za umma, kwa kuwa pendekezo la aina hiyo lazima litoke kwa Rais na kuletwa na waziri. Kwa hiyo mbunge hawezi kuahidi bwawa. Anaweza kuuliza, kubana, na wakati wa bajeti kushika shilingi ya mshahara wa waziri mpaka apewe maelezo. Wanaoahidi zaidi ya hapo jukwaani wanajua, au wangepaswa kujua, kwamba wanaahidi mali ya mtu mwingine.

Maji yanavuka mpaka wa kura

Safu ya Uluguru imegawanyika kati ya Morogoro Mjini, Mvomero, Morogoro Kusini na Morogoro Kusini Mashariki. Mjini wanategemea sana Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 kwenye Mto Ngerengere. Bwawa hilo limekuwa likipungua kina kwa mchanga na tope linaloshuka na mvua kutoka kwenye mashamba yaliyo juu yake, na mashamba hayo kwa sehemu kubwa yako upande wa Mvomero.

Sasa mchukulie mbunge wa Mjini. Mpiga kura wake anayenunua maji kwa dumu anataka kilimo kwenye vyanzo kikome leo. Mbunge wa Mvomero naye ana wapiga kura wanaoishi kwa kilimo cha mlimani. Kule Mgeta, kabichi, njegere na viazi vinavyokusanywa kwenye soko la Nyandira huishia Morogoro mjini na Dar es Salaam, na ndivyo vinavyosomesha watoto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto au bwawa. Kwenye ramani mita 60 ni kidogo. Kwenye bonde jembamba la Uluguru zinaweza kumeza shamba lote la familia, tena shamba la ukoo, maana Waluguru hurithi ardhi kwa upande wa mama na haliuzwi kirahisi ili mtu akaanze upya kwingine.

Wabunge wote wawili wakisimama bungeni, kila mmoja atakuwa anasema kweli. Na kwa kuwa tangu 2020 karibu viti vyote vya majimbo viko mikononi mwa chama kimoja, CCM, mgongano wa namna hii una nafasi ndogo ya kujadiliwa hadharani. Ukijadiliwa, huenda ni kwenye vikao ambavyo mwananchi wa Nyandira havisikii redioni.

Kiti kinapobadilika

Mfano mzuri ni Amos Makalla. Alikuwa mbunge wa Mvomero kuanzia 2010 hadi 2015, na mwaka 2014 aliteuliwa kuwa Naibu Waziri wa Maji. Oktoba 2022 alikuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, na ni yeye aliyetangazia jiji mgao wa maji baada ya Mto Ruvu kupungua. Ruvu unaanzia Uluguru. Mtu yuleyule aliwahi kuomba kura kwa watu wa juu ya mlima, kisha akawajibika kwa watu wanaosubiri maji chini. Hakuna kosa katika hilo. Linaonyesha tu kwamba mtetezi husema kulingana na kiti alichokalia, na watu wa juu hawana kiti kikubwa kama cha Dar es Salaam.

Jibu la Serikali kwa mgao ule lilikuwa kuharakisha Bwawa la Kidunda, katika Wilaya ya Morogoro, lililobuniwa kuhifadhi lita bilioni 190. Ni mradi mkubwa na unahitajika. Lakini tope linaloijaza Mindu linatoka kwenye milima ileile inayoulisha Ruvu.

Matuta ya kulazimishwa, matuta ya kulipwa

Uluguru ina kumbukumbu ndefu ya kuambiwa namna ya kulima. Utawala wa Kiingereza uliwalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko, na Julai 1955 hasira zikalipuka Matombo. Nusu karne baadaye, mashirika ya CARE na WWF yalianzisha mradi eneo la Kibungo ambapo wakulima walilipwa kwa kutengeneza matuta na kupanda miti. DAWASCO na Coca-Cola Kwanza, watumiaji wa maji ya Ruvu, walichangia malipo hayo. Matuta yakakubalika. Mradi ulikuwa wa muda, na muda wake uliisha.

Hapa ndipo mbunge ana nafasi ambayo haihitaji fedha za mfukoni mwake. Watumiaji wakubwa wa maji tayari hulipa ada kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu, yenye makao yake mjini Morogoro, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009. Ni sehemu gani ya ada hiyo inarudi kwenye vijiji vya Kibungo, Mgeta au Matombo kwa ajili ya kutunza miteremko? Swali hilo linaweza kuulizwa na mbunge yeyote kati ya wale wanne. Likiulizwa na wote wanne kwa pamoja katika mjadala wa bajeti ya Wizara ya Maji, waziri atapata shida kulijibu kwa sentensi mbili.