Mgeni Aliyegoma Kuamka



Jumamosi ya mwisho ya Novemba 2025, tulipokwisha kufanya umuganda hapa Nyamirambo, nilikuwa ningali naosha udongo miguuni jirani yetu alipobisha hodi, amekumbatia kompyuta kama mama aliyebeba mtoto mgonjwa. Mumewe ni askari polisi, na wakati huo alikuwa Bangui katika ulinzi wa amani.

"Mwalimu," akasema, "hesabu za akina mama zimepotea. Nitawaambia nini?"

Swali hilo lilikuwa zito. Yeye ndiye mweka hazina wa ikimina cha mtaa wetu, na Desemba ndiyo siku ya kugawana akiba ya mwaka mzima. Fedha zilikuwa salama, lakini nani ametoa kiasi gani na nani amekopa, hayo yote yalikuwa ndani ya kompyuta ile.

Nikaanza kuuliza habari. Kompyuta yenyewe huendeshwa kwa Ubuntu, lakini programu ya hesabu hutaka Windows. Kwa hiyo mumewe, kabla ya kusafiri, alitumia VirtualBox kuunda mashine pepe, yaani kompyuta ndani ya kompyuta. Kompyuta ya kweli huitwa mwenyeji, na ile ya ndani huitwa mgeni. Mgeni huyu hana chake: diski yake ni faili tu katika diski ya mwenyeji, na kumbukumbu yake ni ya kuazimwa.

Mgeni wa jirani yetu alikuwa Windows 10. Microsoft ilikoma kuupa mfumo huo marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Mpango wa nyongeza kwa watu binafsi ulipangiwa mwisho wa tarehe 13 Oktoba 2026. Basi akaona busara kuhamia Windows 11. Mfumo ukamjibu kwamba kompyuta yake haifai. Kijana mmoja akamshauri awashe EFI katika mipangilio ya mgeni. Akawasha, na tangu hapo hakuona ila kioo cheusi chenye maandishi machache yasiyoeleweka.

KOSA LILIKUWA WAPI?

Ushauri wa kijana ulikuwa wa kweli, ila ulitangulia wakati wake. EFI ndiyo njia mpya ya kuamsha kompyuta, nayo Windows 11 huidai. Lakini diski ya mgeni yule ilikuwa imegawanywa kwa utaratibu wa zamani uitwao MBR, wakati Windows huamshwa kwa EFI kutoka diski yenye utaratibu wa GPT. Ilikuwa kama kubadili kitasa cha mlango huku ukibaki na ufunguo wa zamani. Nyumba ipo, vyombo vimo, bali hakuna aingiaye.

Nikazima EFI, nikamwasha mgeni tena. Windows 10 ikaamka, na daftari la ikimina likafunguka. Jirani yangu aliketi chini kwenye mkeka bila kusema neno. Kisha akaniambia kwamba asubuhi ile nusura afute mashine nzima ili aanze upya. Angefuta, kisa hiki kingekuwa na mwisho mwingine.

TUFUATE HATUA

Kwanza, akiba. Mzime mgeni kabisa, usimlaze tu, kisha nakili folda yake yote katika diski ya nje. Usinakili faili ya diski peke yake. Wengi hutegemea ile picha ya hali ambayo VirtualBox huipiga. Picha hiyo hufaa kurudi nyuma ukikosea, lakini si nakala ya akiba: inakaa katika diski ile ile ya mwenyeji, na diski ikifa, vyote vimekufa pamoja.

Pili, mwenyeji atangulie. VirtualBox iwe ya toleo la 7.0 au la baadaye, kwa kuwa toleo hilo la Oktoba 2022 ndilo lililoanza kumpa mgeni chipu ya usalama ya kuigiza, TPM 2.0, ambayo Windows 11 huidai.

Tatu, geuza diski ungali katika Windows 10. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, uandike mbr2gpt /validate /allowFullOS. Ukijibiwa kwamba diski inafaa, rudia amri hiyo ukiweka /convert mahali pa /validate. Hapo ndipo umzime mgeni na kuwasha EFI, TPM 2.0 na Secure Boot.

Nne, pima nafasi. Windows 11 hutaka kumbukumbu ya GB 4, vichakataji viwili na diski ya GB 64. Diski ya jirani yetu ilikuwa ya GB 40. Kabla ya kuipanua, ondoa picha za hali za zamani. Ukisha kuipanua, ingia ndani ya mgeni uongeze sehemu ya C. Nafasi mpya haijiungi yenyewe. Angalia pia kwamba mwenyeji amebakiwa na kumbukumbu ya kumtosha, maana mwenyeji mwenye njaa hawezi kulisha mgeni.

Tano, betri ijae kabla ya kuanza, usije ukakatikiwa na umeme katikati ya kazi. Baada ya kuhamia, ukiona kioo ni kidogo au folda za pamoja hazionekani, usiogope. Weka upya programu saidizi za VirtualBox ndani ya mgeni. Na kama programu yako ya zamani haipendi makao mapya, Windows hukupa siku 10 za kurudi ulikotoka.

Tulimaliza saa nne usiku. Jirani yangu alitoa daftari lake la karatasi, tukalinganisha jina kwa jina, na jumla zikaafikiana. Ndipo akampigia simu mumewe. Nilimsikia akisema, "Baba watoto, lala salama. Mgeni wako ameamka."

Siku iliyofuata alinunua diski ya nje kwa ajili ya kikundi. Mwenye kuweka fedha za watu hana budi kuweka na nakala ya hesabu zao. Akiba haiozi.

Tukutane juma lijalo.