MAARIFA YA NYUMBANI: Saa Mbili za Mkononi

Juma lililopita mzee mmoja alinijia ofisini, simu yake mkononi. "Bwana Karani," akasema, "kijana wangu aliye mjini anataka kuninunulia saa janja. Amenipelekea picha za saa mbili: moja duara, nyingine pembe nne. Yeye anaipenda ya pembe nne. Wewe wasemaje?"

Ya duara ni Samsung Galaxy Watch6 Classic. Ya pembe nne ni Apple Watch Series 9. Zote zilitoka mwaka 2023, na huko Marekani kila moja ilianza kuuzwa kwa dola 400 hivi. Basi bei haikuamua neno.

Tutazame umbo. Samsung yafanana na saa walizovaa wazee wetu. Uso wake umezungukwa na pete ya chuma. Ukiizungusha kwa kidole, kurasa zinapita. Apple haina pete. Ina kifundo pembeni, kama kile cha kutilia saa ufunguo. Ukikizungusha, maandishi yanapanda na kushuka. Mistari ya maandishi hukaa vizuri zaidi katika pembe nne, kwani duara hula pembeni.

Kwa mwangaza zinalingana. Katika zote mbili kila nukta ya kioo hutoa nuru yake yenyewe, na penye weusi nukta imezimika kabisa. Zote hufikia niti 2,000, ndicho kipimo cha mwangaza, hata mtu aweza kuisoma juani. Lakini kioo cha Samsung hii ni cha yakuti, hakikwaruziki upesi. Apple ya alumini haina yakuti. Hiyo iko katika ile ya chuma cha pua, nayo ni ghali zaidi.

Kizuri hakikosi ila. Watengenezaji wasema Apple hukaa na moto saa 18. Samsung hukaa saa 40, au 30 ukiuacha uso ukiwaka daima.

Na kubwa kuliko yote: Apple Watch yahitaji simu ya iPhone, na Samsung hii yahitaji simu ya Android. Nikaitazama simu ya mzee: ni Android. Ile aliyoipenda kijana ingekaa kabatini kama bangili, na mshahara wake umekwenda.

Nikamwuliza, "Simu hii waitia moto wapi?" Akajibu, "Dukani, mara mbili kwa juma." Kisha akacheka. "Kumbe kijana ataka kuniletea mgeni wa kulishwa kila siku! Nitamwambia aniletee saa ya betri ndogo, na fedha itakayobaki tununulie bati."

Basi akina baba na akina mama, kabla hamjapokea zawadi ya namna hii, waambieni watoto mambo mawili: simu yenu ni ya aina gani, na moto mnautoa wapi. Mtoto hawezi kuyajua asipoambiwa. Mpaka juma lijalo.