Mali Bila Daftari, na Daftari Bila Mlinzi

Wazee wetu walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliufahamu usemi huo mapema. Chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, kiliundwa mwaka 1933, na ushirika wa namna hiyo hauwezi kuishi hata msimu mmoja bila mizani, karani na kitabu. Leo vitabu vya namna hiyo vinahamia katika kompyuta. Hilo ni jambo jema. Lakini yatupasa tuulize: daftari lisiloshikika kwa mkono linalindwa na nani?

Tumchukue kijana wa Majengo, mjini Moshi, aliyepewa kazi ya kuandika programu ya chama cha akiba na mikopo. Majina ya wanachama, hisa zao na madeni yao yatakaa katika kanzidata, yaani ghala la habari lililopangwa kwa majedwali, kwa mfumo uliobuniwa na Edgar Codd mwaka 1970. Ghala hilo lina lugha yake, SQL, na programu ya kijana ina lugha nyingine. Ili asihangaike, kijana hutumia mkalimani aliyekwisha kutengenezwa na wengine, kama vile Hibernate, Django au Eloquent. Yeye husema, "Nipe mwanachama huyu," na mkalimani hutunga amri inayoeleweka ghalani. Kazi ya mwezi huweza kumalizika kwa wiki.

Mkalimani huyo ana faida nyingine kubwa. Tangu mwaka 1998 imejulikana hadharani kwamba mwovu aweza kuandika amri mahali palipotakiwa jina. Ni kama karani anayepokea karatasi iliyoandikwa "Mlipe Juma, kisha fungua sanduku," naye, kwa kuwa hatofautishi jina na agizo la bwana wake, akalifungua sanduku. Mkalimani mwema hupeleka amri peke yake na majina peke yake, hata sanduku likabaki limefungwa.

Hapo ndipo wengi wanapolala usingizi. Hudhani kwamba mkalimani ni mlinzi. Sivyo hata kidogo. Kwanza, ripoti ngumu inapohitajika upesi, mwandishi wa programu humpita mkalimani na kuiunga amri kwa mkono wake mwenyewe, na ufa ule ule wa zamani hurudi. Pili, mkalimani hufanya aliloambiwa bila kuuliza. Mwezi Machi 2012 kijana wa Kirusi, Egor Homakov, aliionyesha dunia udhaifu huo katika GitHub, ghala mashuhuri la waandishi wa programu. Aliongeza katika fomu sehemu ambayo hakustahili kuijaza, na mtambo ukaipokea, akajipatia ruhusa ya kuandika katika mradi usio wake. Tatu, mkalimani hajui nani ana haki ya kuona nini. Mwanachama namba 214 akibadili tarakimu na kuandika 215, mkalimani atamletea akaunti ya jirani yake kwa uaminifu mkubwa, ikiwa mwandishi hakuweka sharti la kumzuia.

Msomaji wa Unguja au Pemba aweza kusema: Majengo ya Moshi yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Programu haina bahari ya kuvuka. Iliyoandikwa chini ya mlima yaweza kutumika Chake Chake, na iliyoandikwa Mjini Magharibi yaweza kutumika Machame. Mvuvi anayeweka akiba yake kwa simu na mkulima anayesubiri malipo ya kahawa wamo katika jahazi moja. Wala wao hawana njia ya kuchungulia ndani ya mtambo wajue kama ni salama. Wamemwamini aliyeununua, na mara nyingi aliyeununua ni ofisa wa Serikali au kiongozi wa ushirika.

Hata wenye nguvu wameponzwa na uzembe huu. Mwezi Oktoba 2015 kampuni ya simu ya TalkTalk ya Uingereza iliingiliwa kwa njia hiyo ya amri kufichwa ndani ya habari. Wateja 156,959 waliibiwa habari zao, na kati yao 15,656 namba zao za benki zilichukuliwa. Mlango uliotumika ulikuwa kurasa kongwe ambazo kampuni ilizirithi kutoka kampuni nyingine na kuzisahau. Mwaka uliofuata ilitozwa faini ya pauni 400,000.

Kwetu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Sheria imekwisha kutamka. Iliyobaki ni kazi ya mikono. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila mkataba wa programu itakayobeba fedha au siri za watu uwe na fungu la ukaguzi, na mkaguzi asiwe yule aliyeiandika. La pili, mkataba usikome siku ya makabidhiano. Wakalimani nao huwa na kasoro. Django yenyewe ilirekebishwa mwezi Aprili 2022 kwa sababu ya nyufa za aina hii hii, na asiyesasisha hubaki na ufa uliokwisha kutangazwa kwa wezi wote. La tatu, kila ofisi iwe na mlango wa kupokea taarifa za kasoro. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 huadhibu anayeingia mtamboni isivyo halali, na ni haki iwe hivyo. Lakini anayegundua ufa kwa bahati na kuja kuusema apewe shukrani, asitishwe. Akitishwa, wa pili atanyamaza, na wa tatu atauza alichokijua.

Tunajua patakuwepo watakaolalamika kwamba chama kidogo hakina fedha za mkaguzi. Hoja hiyo ina uzito. Hata hivyo, vyama kumi vyaweza kuchangia mkaguzi mmoja, kama vile wakulima walivyozoea kuchangia lori moja. Huo ndio ushirika wenyewe.

Kwa vijana wa Majengo na wenzao wa Visiwani, twasema: mtumieni mkalimani, lakini msimkabidhi funguo. Na kwa maofisa wetu: kabla hamjatia saini, ulizeni nani amekagua. Swali hilo halina gharama yoyote, na asiyeweza kulijibu hajastahili kukabidhiwa daftari la watu.