Giaboksi ikilia, usikimbilie kununua nyingine

UKIPITA Buruburu, Umoja au Jericho siku ya Jumapili mchana, hukosi kuliona gari limeinuliwa juu ya magogo na miguu ya mtu imechomoza chini yake. Aghalabu huyo si makanika bali ni mwenye gari. Ameambiwa kuwa giaboksi imekufa na kwamba hana budi kununua nyingine iliyotumika kutoka Japani. Karo ya watoto inakaribia na mfukoni hamna kitu, ndiyo maana ameamua kujionea mwenyewe.

Nami nasema amefanya vyema, mradi ajue anachokifanya. Giaboksi ya mkono haifi yote kwa pamoja. Ndani yake mna shafti, magurudumu ya meno, uma za kusukumia gia, beringi, sili na ringi ndogo za shaba. Meno ni ya chuma kigumu na mara nyingi huishi kuliko bodi ya gari. Vinavyochakaa mapema ni beringi, sili na zile ringi. Ajuaye ni kipi kimeharibika hatalipishwa bei ya vyote.

Sikiliza kwanza

Kabla ya kushika spana, tega sikio. Washa injini, gia ikiwa niutro. Ukisikia mvumo unaonyamaza unapokanyaga klachi, shuku beringi ya shafti ya mbele ya giaboksi. Mlio ukianza pale unapokanyaga, basi mkosaji ni beringi ya klachi na giaboksi haina hatia. Gia zote zikikwaruza, hata ile ya kurudi nyuma, huenda klachi haiachi sawasawa. Kagua kebo au mafuta yake. Lakini gia moja tu, tuseme ya pili, ikikwaruza kila uiingizapo, ringi yake ya shaba imelika.

Kazi ya ringi hiyo ni kusawazisha mwendo wa gia na wa shafti kabla hazijashikana. Cadillac ya Marekani ndiyo iliyotangulia kuuza magari yenye mfumo huo, mwaka wa 1928. Bila ringi hizo, dereva hulazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia, kama walivyozoea madereva wa malori ya zamani.

Uhai kwanza, gari baadaye

Nazungumzia hapa gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, mfano wa pikapu ya Datsun au Peugeot 504. Giaboksi yake huweza kufikia kilo 30 au zaidi, na ikikuangukia kifuani hutasimulia. Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulalia chini yake. Tumia stendi za chuma au magogo mapana ya mbao, wala usitumie matofali ya saruji, kwani hupasuka bila kutoa onyo. Zuia magurudumu yaliyobaki chini, ondoa waya wa betri, na uwe na mtu wa kukusaidia kuipokea giaboksi. Watoto wakae mbali mpaka iwe imefika mezani.

Mwaga oili kwenye beseni uikague. Unga wa rangi ya dhahabu ni shaba ya ringi. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku ni habari mbaya, kwani huenda jino limevunjika.

Sasa tandika shuka kuukuu jeupe juu ya meza. Panga kila kitu kwa utaratibu kilivyotoka na upige picha kwa simu katika kila hatua. Ringi irudi kwenye gia yake ileile. Kuwa mwangalifu unapotoa fito za uma: huzuiwa na gololi ndogo zinazosukumwa na springi, na zikiruka nyasini utazitafuta mpaka magharibi. Zifunike kwa kitambaa unapozitoa.

Kupima ringi si kazi ngumu. Ikandamize kwa vidole kwenye koni ya gia yake, uangalie nafasi iliyobaki kati ya ringi na meno. Ikiwa vimegusana, imekwisha. Kipimo kamili hutajwa katika kitabu cha gari, na mara nyingi huwa karibu milimita moja.

Beringi isitolewe kwa nyundo. Ipeleke shafti kwenye karakana yenye presi, mathalani kule Kariobangi Light Industries. Vipuri utavipata Kirinyaga Road, ambako wengi bado wanakuita Grogan. Nenda na kile cha zamani mkononi. Beringi huwa na nambari ubavuni: yenye nambari 6205, kwa mfano, ina tundu la milimita 25 popote duniani, hata iwe ya kampuni gani. Angalia tu kama ina mfuo wa kuwekea saklipu.

Wanafunzi, njooni

Kabla ya kufunga kifuniko, waite watoto walio sekondari. Waambie wahesabu meno, kisha wazungushe shafti ya mbele kwa mkono. Katika giaboksi nyingi za aina hii, gia ya nne hutoa mzunguko mmoja kwa mmoja, ilhali gia ya kwanza huhitaji mizunguko mitatu na zaidi mbele ili nyuma kuzunguke mara moja. Hilo ndilo somo la mashine wanalosoma katika fizikia. Ijaribu kila gia hapo mezani. Ikikwama, ifungue tena sasa, kuliko kugundua ukiwa umeirudisha garini.

Unaporudisha, hakikisha sahani ya klachi imekaa katikati, na usiiache giaboksi ining'inie kwa shafti yake. Tia oili kabla ya kuwasha injini. Penye ringi za shaba, iliyo salama zaidi ni ya daraja la GL-4, isipokuwa kitabu cha gari kikisema vingine. Baadhi ya oili za GL-5 zina dawa inayoila shaba.

Na ukikuta jino limevunjika au shafti imelika, hapo tafuta fundi wa jua kali unayemwamini, umlipe kwa siku akiwa mbele ya macho yako. Hakuna aibu katika hilo. Tayari utakuwa umeona kilichoharibika, na utajua la kumuuliza atakapokutajia bei.

Juma lijalo tutaitazama klachi. Jumapili njema.