Safari na Mtoto Mchanga: Twende Wapi?



Mavuno yamekwisha. Sasa unataka kwenda kusalimia ndugu, pamoja na mama na mtoto mchanga. Je, mtakwenda wapi?

Sisi wa Lushoto tunakaa juu, kiasi cha mita 1,400 kutoka usawa wa bahari. Huku kuna baridi. Mbu wa malaria ni wachache. Kwa hiyo mwili wa mtoto wetu haujazoea malaria. Ukimshusha Korogwe au Muheza baada ya masika, atakuta mbu wengi. Malaria humwua mtoto mchanga upesi.

Machungwa ya Muheza ni matamu, hata mimi nayapenda. Lakini uliza kwanza: Nyumba tunayokwenda ina chandarua chenye dawa? Zahanati iko karibu? Kama sivyo, mwaka huu nendeni kwa bibi, huku huku milimani. Muheza haihami.

Mkishuka, chukueni chandarua chenu na kadi ya kliniki. Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye maziwa ya mama tu. Wakwe wakileta uji, wakatalieni kwa adabu. Mtoto akipata homa, mpelekeni zahanati siku hiyo hiyo akapimwe damu.