Vilima vya Gusii Havina Kasri: Basi Kihifadhiwe Nini?

Mtu wa mwambao akitajiwa kilima chenye historia, jambo la kwanza analouliza ni jumba. Nani alikaa huko juu? Kuta zilijengwa kwa nini? Kisima kiko wapi, na bustani ilielekea upande gani? Swali hilo tumelirithi kutokana na tuliyoyazoea. Kilwa Kisiwani, mwanzoni mwa karne ya 14, Sultani al-Hasan bin Sulaiman alijenga Husuni Kubwa juu ya jabali linalotazama bahari, jumba la vyumba zaidi ya 100 lenye birika la pembe nane. Gede kuna kasri ndani ya msitu. Unguja kuna Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883. Hata ukivuka mpaka ukaingia Kampala, utaonyeshwa kilima cha Kasubi, ambako Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, na baadaye likawa kaburi lake na la makabaka watatu waliomfuata.

Sasa msafiri huyo huyo na apande basi aende Kisii na Nyamira. Atakuta vilima juu ya vilima, hewa ya baridi, mvua isiyokatika, migomba na chai hadi upeo wa macho. Mji wa Kisii wenyewe uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Akipanda ukingo wa Manga, penye jabali lililokatika kama ukuta, ataona mji chini yake, na siku ya anga safi ataliona Ziwa Victoria likimetameta kwa mbali. Hapana shaka atasema moyoni: hapa ndipo mahali pa mfalme. Kisha atauliza kasri liko wapi, naye atajibiwa kwamba halipo, wala halijapata kuwapo.

Jibu hilo yafaa tulitazame vizuri, maana wengi hulichukua kuwa dalili ya upungufu. Abagusii hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa makundi makubwa kama Getutu, Nyaribari, Bobasi, Machoge, Bonchari na Mugirango, kila moja na koo zake na wazee wake. Mambo ya ardhi, ndoa na damu yaliamuliwa na wazee waliokaa pamoja. Ni Getutu, kwenye vilima vya upande wa Manga, ndiko uongozi ulikokaribia kuwa wa kurithiwa. Katika karne ya 19 watu waliokimbia mashambulio ya mipakani walipokewa huko wakapewa mahali pa kulima, na ukoo wa Nyakundi ukapata nguvu juu ya wenyeji na wageni. Mtawala wa namna hiyo waliita omogambi. Lakini hata yeye hakujijengea jumba la kuwatenga watu. Aliishi katika boma miongoni mwa mashamba.

Kilichokuwa karibu na ngome kwa Abagusii ni egesarate. Hiyo ilikuwa kambi ya ng'ombe iliyozungushiwa boma, ambamo vijana walilala wakilinda mifugo na kujifunza vita. Serikali ya kikoloni ilizipiga marufuku kambi hizo mwanzoni mwa karne ya 20, kwa kuwa iliwaogopa vijana waliokusanyika na silaha zao. Zilikuwa za miti na miiba, nazo zimetoweka. Na bustani? Bustani ya Mgusii iko nyuma ya nyumba yake: chinsaga, ambayo sisi twaiita mwangani, na rinagu, ambayo ni mnavu. Hazikupandwa kwa kupendezesha macho ya wageni, bali zimelisha watoto vizazi na vizazi.

Basi historia ya vilima hivi imeandikwa wapi kama haikuandikwa katika kuta? Imeandikwa mahali palipotokea mambo. Mwaka 1905 Waingereza walipeleka askari na bunduki ya mtambo kuwatiisha Abagusii. Mnamo Januari 1908, Otenyo Nyamanterere alimchoma mkuki ofisa wa Kiingereza, G. A. S. Northcote. Wazee husimulia kwamba alitiwa moyo na Moraa, mwanamke mwenye maono aliyekataza watu kuutii utawala wa wageni. Northcote alipona, na baadaye akawa Gavana wa Hong Kong. Waliolipa ni wanavijiji. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa kwa wingi hata Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu waziri wa makoloni kule London, akaandika kuhoji mauaji hayo. Otenyo aliuawa, na jamii yake hadi leo yashikilia kwamba kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023 alieleza majuto yake kwa maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Dai la Abagusii lingali palepale.

Msomaji wa pwani asidhani kwamba hayo ni ya watu wa mbali. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Kiingereza, alikamatwa mwaka 1913 pamoja na Wanje wa Mwadorikola, wakahamishwa hadi Kisii ili wasahauliwe. Mwezi Januari 1914 walitoroka wakafunga safari ndefu ya kurudi kwao. Kwa hiyo vilima vya Gusii ni sehemu ya historia yetu pia, na mtoto wa Malindi ana haki ya kuonyeshwa mahali hapo kama alivyo na haki ya kuonyeshwa Ngome ya Yesu.

Na hapa ndipo penye jambo lenyewe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 haisemi kwamba turathi ni mawe yaliyojengwa peke yake. Lakini macho yetu, sisi raia na watawala, yamezoea kuta. Penye gofu huwekwa uzio, mlinzi na kibao. Penye kilima kitupu hupita jembe. Sisi wa mwambao tulipaswa kuwa wa kwanza kulifahamu kosa hilo, kwa sababu tunazo Kaya za Mijikenda. Kaya nazo ni makao ya juu ya vilima, yasiyo na kasri wala mfalme. Ndani mna msitu, makaburi na mahali pa baraza la wazee. Hata hivyo tangu miaka ya 1990 serikali ilianza kuzitangaza kuwa turathi za taifa, na mwaka 2008 UNESCO ikaziingiza katika orodha ya turathi za dunia. Yaliyowezekana Rabai na Kilifi yatashindikanaje Manga?

Kinachotisha ni kwamba Gusii haina nafasi ya kusubiri. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha Kaunti ya Kisii kuwa na watu 1,266,860, na Nyamira 605,576. Ni miongoni mwa sehemu za mashambani zilizosongamana mno nchini. Baba akiwagawia wanawe wanne shamba la ekari mbili, mjukuu atalima ukingo wa jabali. Mikaratusi hupandwa mahali pa miti ya asili kwa kuwa huuzwa upesi. Hatuwezi kumlaumu mwenye njaa ya ardhi. Wa kuulizwa ni wenye kupanga. Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni na makumbusho yasiyo ya taifa, na serikali za kaunti zimekuwapo tangu 2013.

Kila mara husikika wazo la kuugeuza ukingo wa Manga kuwa kituo cha watalii. Si wazo baya, lakini lina mtego wake. Mwenye haraka ataanza na hoteli na lango la saruji, yaani atawajengea wageni kasri ambalo wenyeji hawakuwa nalo. La kwanza lingekuwa kupima mipaka ya sehemu zenye kumbukumbu na kuwalipa haki wenye mashamba. Pili, kurekodi masimulizi ya wazee kwa Ekegusii chenyewe, pamoja na wapigaji wa obokano, kinanda chao cha nyuzi nane. Tatu, kaunti hizi mbili zikubaliane, maana Moraa na Otenyo waliishi kabla ya mpaka wa Kisii na Nyamira kuchorwa.

Kasri nalo halijilindi. Kasubi iliungua tarehe 16 Machi 2010, na sehemu ya Beit al-Ajaib ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini jumba likianguka watu huona kifusi, hulia, kisha hutafuta fedha za kulijenga upya. Kilima kikilimwa na mzee akifa, hakuna kifusi cha kuonyesha. Hasara hiyo haina kelele, na kwa hiyo wanaoijua mapema ndio wanaopaswa kuisemea.